Shajara ya mradi: Damu ya Nyanza, tawi la maji kwa mwenye karama

11 Januari 2025: Msingi

Tuko sita. Kila Jumamosi mchana tunakutana sebuleni kwetu Bwiru, Mwanza, kucheza Dungeons & Dragons kwa Kiswahili. Ni mchezo wa mezani: msimulizi anaongoza hadithi, kila mchezaji anaigiza mhusika wake, na dadu zinaamua nani amefaulu. Mchezo wenyewe ulitoka Marekani mwaka 1974. Sisi tunatumia kanuni za toleo la tano, zile za 2014. Januari 2023 msingi wa kanuni hizo uliachiwa kwa leseni ya Creative Commons, kwa hiyo yeyote anaruhusiwa kuunakili, kuutafsiri na kujenga juu yake, ilimradi ataje ulikotoka. Leseni hiyo ndiyo iliyonitia moyo nianze kazi hii, na ndiyo sababu naandika kila hatua hapa. Anayetaka kuchukua, achukue.

Kwenye kanuni kuna fani ya mtu aliyezaliwa na nguvu. Hakuisomea kwenye vitabu na hakuiomba kwa mungu yeyote. Iko kwenye damu yake. Kila mhusika wa fani hii ana asili ya nguvu zake, na katika kanuni za bure asili iliyomo ni moja tu, damu ya joka. Nataka kuongeza ya pili: damu ya ziwa hili tunaloliona dirishani, Ziwa Viktoria.

Joka ndilo litakuwa mizani yangu. Linampa mhusika vipaji katika ngazi ya 1, 6, 14 na 18. Nitafuata ngazi hizohizo, na kipaji changu kikizidi cha joka cha ngazi hiyo, kinarudi karakana.

Nilichotumia: kaunta buku shilingi 3,000, bando 5,000, na kurasa 40 za kanuni nilizochapisha steshenari kwa 200 kila ukurasa, 8,000.

18 Januari 2025: Neno

Nilidhani wiki hii nitaandika vipaji. Imeisha kwa neno moja.

Katika rasimu niliita fani hii "mchawi". Mama alikuwa jikoni, mlango wazi, akatusikia tukisema mchawi wangu amefanya hivi, mchawi wako amefanya vile. Alitoka akasimama mlangoni.

"Wanangu, mnacheza nini humu?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mchezo sina neno nao. Ila hilo jina, hapa Usukumani limeua bibi za watu. Tafuteni jingine."

Ni kweli. Wazee, hasa wanawake, wamekatwa mapanga kanda hii kwa kuitwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Sikutaka neno hilo liwe jina la shujaa mezani kwangu, wala limzoee mdomoni mdogo wangu wa miaka kumi na nne.

Tulijaribu "mganga", likakataa, kwa kuwa mganga hujifunza na ana wateja. "Mlozi" ni lilelile la kwanza katika nguo nyingine. Jirani yetu mwalimu ndiye aliyeleta "mwenye karama". Karama mtu hupewa bila kuomba, na hawezi kuirudisha. Limekaa vizuri. Maneno mengine tuliyokubaliana: kauli (maneno yanayoachia nguvu), pointi za karama, pointi za uhai, na dadu ya kujinusuru, ile unayorusha kuepa kauli ya mwenzako.

1 Februari 2025: Rasimu ya kwanza ilikuwa bahari

Niliandika vipaji vinne kwa usiku mmoja nikafurahi sana. Kulikuwa na kipaji cha maji kupwa na kujaa. Kulikuwa na chumvi inayochoma vidonda. Mhusika wangu wa mfano alisafiri kwa jahazi.

Jumamosi asubuhi nikamsomea mzee mmoja fundi wa mitumbwi pale mwaloni Kirumba, ufukweni mitumbwi inakotia nanga, rafiki wa marehemu baba. Nilimwamkia, nikaketi juu ya ubao, nikasoma. Alikuwa anaziba nyufa za mtumbwi na hakuacha kazi. Nilipomaliza akaniuliza, "Mwanangu, hii ni Mwanza au Tanga?"

Hapa hakuna kupwa na kujaa kwa kuonekana na macho. Maji hayana chumvi. Watu wanayachota na kupikia. Nilikuwa nimekaa miaka yote mita mia tatu kutoka ziwani, na nilipoulizwa "maji" kichwa kikaenda Bahari ya Hindi, kwa sababu michezo na hadithi zote za maji nilizowahi kukutana nazo ni za bahari.

Nikamuuliza basi ziwa hufanya nini. Alichonijibu kimejaza kurasa mbili za kaunta buku, na karibu kila kitu kilichobaki kwenye tawi hili kimetoka humo: upepo unaogeuka jioni, dhoruba za usiku zinazowakuta wavuvi wa karabai, magugumaji yanayofunga mwalo wakati wewe uko kazini, na ziwa linalopanda polepole bila wimbi. Rasimu nzima nimeifuta.

15 Februari 2025: Vizibo, na jaribio lililonidanganya

Dadu za pande nyingi sikuzipata dukani hapa mjini. Tunatumia vizibo 20 vya soda, namba zimeandikwa kwa maka peni ndani, tunachota kimoja kutoka kwenye mfuko wa kitambaa. Maka peni mbili, 2,000. Vizibo bure.

Tulijaribu kipaji cha kwanza kipya, Mkondo: ukimpiga adui kwa kauli, maji yanamsukuma futi 10 asipojinusuru. Mhusika wa ngazi ya 1 mwenye haiba ya +3 ana kizingiti cha 13, yaani 8, jumlisha 2 ya ujuzi, jumlisha 3. Adui asiye na nyongeza anahitaji kuchota 13 au zaidi. Hiyo ni nafasi 8 kati ya 20, asilimia 40. Katika jaribio letu maadui walinusurika mara chache mno. Nikaandika kwamba kipaji kina nguvu kupita kiasi, nikakipunguza makali.

Usiku nilipopitia namba nikagundua hakuna iliyojirudia. Tulikuwa haturudishi vizibo mfukoni! Mwanzoni mwa pambano zilitoka 17, 18, 19 na 20 kwa upande wetu, na kuanzia hapo adui alikuwa na nafasi 4 kati ya 16, asilimia 25. Kipaji hakikuwa na kosa, mfuko ndio uliokuwa na kosa. Ukitumia vizibo, rudisha kila kimoja kabla ya mwingine kuchota, na utikise. Tena kagua kingo zake: cha 20 kilikuwa kimepinda kwa kifunguo, na mdogo wangu alikiri kwamba vidole vyake vilikuwa vinakitambua. Nimekibadilisha.

Tulirudia jaribio zima wiki hiyohiyo. Namba zikawa sawa, ila likajitokeza tatizo la kweli. Pambano lilikuwa juu ya kivuko, na futi 10 zilitosha kumtoa yeyote ukingoni. Majambazi wawili kati ya wanne walikuwa majini kabla zamu ya kwanza haijaisha.

Mkondo ulivyo sasa: futi 5, kiumbe mmoja kwa zamu, na asiwe amekuzidi ukubwa zaidi ya daraja moja. Pale aliposimama panabaki majimaji hadi mwisho wa zamu yako ifuatayo.

1 Machi 2025: Zamisha

Nilikuwa na kipaji ninachokipenda kuliko vyote. Kilikuwa kinaitwa Zamisha: maji yanajaa mapafuni mwa adui hata akiwa nchi kavu.

Kihesabu kilikuwa kibaya. Kwa kanuni, mtu hubana pumzi dakika 1 na kuongeza dakika kwa kadiri ya siha yake. Pumzi zikimwishia anabaki na zamu chache za sekunde sita sita, angalau moja, kisha anaanguka kwenye pointi 0 za uhai. Kipaji changu kiliruka ile hatua ya kubana pumzi. Adui mwenye pointi 60 aliisha kwa zamu mbili, bila kujali uhai wake ulikuwa mwingi kiasi gani. Hilo peke yake lilitosha kukirudisha.

Lakini halikuwa hilo lililokiua. Nilikuwa nasimulia vizuri, kwa sauti, jinsi maji yanavyotoka puani kwa yule adui, na kaka mmoja wa Ukerewe tunayecheza naye akaweka karatasi yake chini akatoka nje. Tukafikiri anapokea simu. Hakurudi kwa nusu saa.

Nilimfuata. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, anaangalia upande wa Kirumba. Akaniambia shangazi yake yuko Igoma, na hakuhitaji kuongeza. Anayeishi Mwanza anajua makaburi ya Igoma ni ya nani, na anajua tarehe 21 Mei 1996, siku meli ya MV Bukoba ilipozama. Huyu kaka anatoka visiwani, na Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na Ukara, kwa jirani zake. Nilikuwa nimekaa naye meza moja kwa mwaka mzima na nikaandika kipaji hicho bila kumfikiria hata mara moja.

Nilimwomba radhi. Zamisha nimeichana, ukurasa wenyewe. Wewe unayenakili mradi huu na unaishi mbali na maji, pengine utatamani kukirudisha. Ni mezani kwako. Ila uliza kwanza nani ameketi mezani.

8 Machi 2025: Mkono wa Mwalo

Kaka wa Ukerewe alikuja mapema kabla ya wenzake, ameandika kitu nyuma ya risiti. "Kama maji yanamtii," akasema, "kwa nini yasimtoe mtu?"

Ndicho kipaji cha ngazi ya 1 sasa. Mwenzako aliye ndani ya futi 30 akianguka majini, au akifika pointi 0 za uhai mahali popote, papo hapo unanyoosha mkono na maji yanamleta hadi ubavuni pako. Halazimiki kurusha chochote. Maadui wanaopitiwa njiani hawapati nafasi ya kumpiga.

Kosa lilikuwa kwenye malipo. Tuliandika kwamba kila wokozi unagharimu pointi 1 ya karama, tukaanza kucheza, mwenzetu akaanguka, nikanyoosha mkono. Mwalimu akauliza, "Pointi umezitoa wapi?" Pointi za karama huanza ngazi ya 2. Wa ngazi ya 1 hana hata moja! Tulikuwa tumempa mtu mlango usio na ufunguo. Sasa unautumia bure mara nyingi kadiri ya nyongeza yako ya haiba, angalau mara moja, na hesabu inaanza upya baada ya usingizi kamili. Kuanzia ngazi ya 2, ukitaka zaidi ya hapo unalipa pointi.

Nikapima kwa joka. Joka la ngazi ya 1 linatoa pointi 1 ya uhai kwa kila ngazi na ngozi yenye kinga ya 13 na wepesi wako. Chetu hakikulindi wewe hata kidogo. Kwa hiyo tuliongeza kuogelea kwa kasi ileile ya kutembea na kubana pumzi saa nzima. Tumecheza mara tatu hivyo, na hakuna aliyelalamika upande wowote.

22 Machi 2025: Upepo kugeuka

Ngazi ya 6. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, hewa yake inapanda, na hewa ya ziwani inaingia kuziba nafasi. Usiku nchi inapoa kwanza, na upepo unageuka kuelekea majini. Upepo wa pande zote za ziwa unapokutana katikati, mawingu yanapanda, na ndiyo maana radi za ziwani ni za usiku na alfajiri. Wavuvi wa dagaa wanaijua hii kwa ngozi.

Basi nikaandika kipaji kinachosukuma mchana na kuvuta usiku, futi 15. Nilikipenda kwa sababu nilikuwa sijawahi kukutana na kipaji kinachofuata saa.

Mezani kikazua ubishi wa dakika ishirini. Wahusika walikuwa pangoni siku ya tatu. Ni saa ngapi pangoni? Msimulizi akasema jioni, na jioni upepo ni wa nani? Jaribio la pili tukatunza saa kwa punje za mahindi kwenye sahani, punje moja saa moja, na kila mtu akasahau kuweka punje.

Suluhisho limetoka kwa mdogo wangu. Ukiamka kutoka usingizini unatangaza, "upepo wa ziwani" au "upepo wa nchi", na unabaki hivyo siku nzima. Ukitaka kuugeuza kabla ya kulala tena unalipa pointi 1, mara moja tu. Wachezaji sasa wanapanga mapambano yao asubuhi kufuatana na upepo, kama mtu anayetazama mawingu kabla ya kushusha mtumbwi. Futi zimebaki 15.

12 Aprili 2025: Maji yanaumizaje?

Hili lilipaswa kuja mwanzo, nikalikwepa. Kanuni zina aina 13 za madhara: moto, baridi, radi, sumu na kadhalika. Maji hayamo. Wengi wanaotengeneza wahusika wa maji huchukua baridi, na ni jibu la watu ambao maji yao huganda. Ziwa Viktoria liko kwenye ikweta. Mtoto anaoga humo alfajiri bila kutetemeka.

Maji ya hapa yanaumiza kwa kishindo. Kwa hiyo mwenye karama wa tawi hili anaweza kugeuza kauli zake za baridi ziwe za kishindo. Mwale wa Baridi unakuwa mkuki wa maji.

Tatizo ni kwamba viumbe wengi hustahimili baridi, na wachache sana hustahimili kishindo kinachotoka kwenye kauli. Tulichokuwa tunakiita rangi tu kikageuka kuwa faida kubwa. Malipo yake: ukigeuza, dadu inashuka daraja moja. Pande 8 zinakuwa 6, wastani kutoka 4.5 hadi 3.5. Katika mapambano mawili dhidi ya viumbe vya barafu bado ilifaa, na dhidi ya majambazi wa kawaida ilikuwa afadhali kuacha baridi yenyewe. Nadhani hapo ndipo panapotakiwa.

Tumeongeza pia kauli tano za bure, maana fani hii inajua chache mno, 2 ngazi ya 1 na 15 tu mwisho wa safari. Ngazi ya 1, Wingu la Ukungu. Ya 3, Upepo wa Ghafla. Ya 5, Pumzi ya Majini. Ya 7, Kutawala Maji. Ya 9, Kuita Kiumbe cha Asili, wa maji peke yake. Dhoruba ya barafu niliikataa kwa sababu ileile.

Kuchapisha rasimu ya pili, nakala sita za kurasa mbili, 2,400. Manila mbili za ramani, 2,000.

3 Mei 2025: Kisiwa cha Magugu

Ngazi ya 14 joka linaota mabawa. Sisi tuna magugumaji.

Yaliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na yakipata mbolea na jua eneo lake huongezeka mara mbili chini ya wiki tatu. Yanakwenda na upepo. Asubuhi mwalo uko wazi, jioni mtumbwi hauingii. Mwenye karama anaotesha mkeka wa futi 20, juu ya maji au juu ya nchi yenye majimaji. Rafiki anatembea juu yake kama sakafuni. Adui anakwenda nusu ya mwendo. Kila zamu unasogea futi 10 kufuata upepo uliotangaza asubuhi, na hapo vipaji vya ngazi ya 6 na 14 vikashikana bila mimi kupanga.

Kilichoshindikana: mkeka haukuwa na mwisho. Wachezaji walivuka nao ramani nzima. Nikakumbuka kwamba magugu haya yalipunguzwa na mbawakawa wadogo walioachiwa ziwani miaka ya 1990 wayale. Sasa mkeka una pointi 40 za uhai, hudumu dakika 10, na kundi lolote la wadudu linauumiza maradufu.

Mtu mmoja alipendekeza laana ya kichocho. Tuliiacha. Kichocho huchukua wiki kuonekana, na zamu ya pambano ni sekunde sita.

24 Mei 2025: Ngazi ya 18

Niliandika wimbi moja kubwa, futi 60 kila upande, mara moja. Pambano likaisha wachezaji watatu hawajapata zamu, na nyuso zao zilinitosha.

Nikarudi kwenye kurasa mbili za mzee. Ziwa hili halipigi, linapanda. Lilipanda baada ya mvua za 1961, likapanda tena 2020 likaingia vibandani na mashambani. Kwa hiyo Ziwa Kujaa, kwa pointi 5 kama joka linavyolipa: maji yanaanza futi 10 kukuzunguka, kila zamu yanapanuka futi 10 hadi 60. Humo adui anakwenda nusu mwendo, na Mkono wa Mwalo unautumia bila kulipa. Dakika 1, kisha yanakauka. Tumelijaribu mara mbili. Kila mtu alipata zamu, na maadui walianza kukimbia wenyewe zamu ya tatu walipoona maji hayasimami.

Nakala safi sita, 2,400. Kulaminisha mbili, 3,000. Jumla tangu Januari, shilingi 27,800.

Jioni nilishuka mwaloni nikamsomea mzee tena kuanzia juu. Safari hii aliacha patasi. Nilipofika "kisha yanakauka" akainua mkono.

"Ziwa likishajaa halirudi siku ileile. Sisi tulihamisha vibanda tukasubiri miezi."

Nimekata maneno hayo mawili. Dakika ikiisha maji yanaacha kupanuka, lakini yanabaki palepale kwa saa moja, na kila aliye humo, rafiki au adui, atalazimika kutembea ndani yake.